Kwa mpwa wangu wa Istanbul, kabla hujanunua zawadi

Mpwa wangu,

Assalamu alaykum. Mamako ameniambia likizo imekaribia na pesa za matumizi zimepungua. Basi kabla hujaingia dukani, ipime njia. Hata ukiruhusiwa kilo 23 au 30 hadi Nairobi, ndege ndogo za kuja Manda, uwanja wetu wa ndege wa Lamu, aghalabu hukubali kilo 15, na kinachozidi hulipiwa. Hesabu yako ianzie hapo. Ukitoa nguo na begi lenyewe, zawadi zinabaki na kilo 5 hivi. Ukija kwa basi hadi Mokowe, bandari ya bara ya kuvukia Lamu, uzito hausumbui sana, ila begi litarushwarushwa mpaka botini, kwa hivyo funga sawasawa.

Usinunue kitu Kapalıçarşı, lile soko kubwa la kale lenye paa. Zunguka utazame, ujue bei za juu (Jumapili hufungwa), kisha shika mtaa wa Mahmutpaşa uteremke mpaka Eminönü. Huko ndiko Waturuki wenyewe wanakonunua nguo za watoto na vitu vya harusi. Nyuma ya Soko la Viungo kuna Tahtakale, ambako maduka mengi huuza kwa jumla. Patana bei ya dazeni nzima tangu mwanzo, usianze na bei ya kimoja. Mitandio 12 inawatosha shangazi zako na mabinti zao.

Kwenye mitandio ndipo watu wanapodanganywa. Soma lebo: Waturuki huandika alama ya asilimia mbele ya tarakimu. %100 pamuk ni pamba, ipek ni hariri. Ukiona polyester, rudisha. Wakati wa kaskazi hapa kwetu kitambaa kile humganda mtu shingoni. Ikiwa hakuna lebo, omba uzi mmoja wa tamvua, toka nje uuchome kwa kiberiti. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Hariri hunuka nywele. Polyester huyeyuka, ikipoa huwa kidonge kigumu.

Bibi yako atataka zafarani ya biriani, na hapo uwe macho zaidi. Ile inayorundikwa kwa bei nafuu na kuitwa zafarani ya Kituruki kwa kawaida ni aspir, ua la mmea mwingine kabisa: rangi inayo, harufu haina. Zafarani ya kweli ni nyuzi nyekundu zilizopanuka ncha moja mfano wa tarumbeta, na huuzwa kwa gramu. Tia uzi mmoja kwenye maji ya vuguvugu: umanjano hutoka polepole, uzi wenyewe ukabaki mwekundu. Gramu 1 inamtosha. Pesa zisipofika, acha kabisa. Heshima ya bibi hailetewi aspir.

Kwa majirani chukua lokum, peremende laini ya Kituruki, kilo 1, ya waridi au ya ndimu, maana ya pistachio ni ghali. Waambie waifunge bila hewa. Unyevu wa Lamu huifanya itoe maji na kushikana, kwa hivyo usiifungue mpaka siku ya kugawa. Ukigawa gramu 100 kila nyumba, unapata nyumba 10. Tumia karatasi: mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017, na hata ule wa duka la uwanja wa ndege utaambiwa uuache.

Wazee wanaume, tasbihi na mswala mwembamba. Halua na udi usibebe. Hivyo viko hapa, tena vizuri. Sumaku za friji zenye picha ya msikiti pia ziache, hazimfai mtu kitu.

Ukipenda kumletea mamako vikombe 6 vya chai, vile vyembamba kiunoni, jaza soksi ndani ya kila kimoja, kisha kizungushie mtandio na uviweke katikati ya begi, visiguse ukingo. Betri ya akiba ya kuchajia simu (power bank) iwe kwenye begi la mkononi. Kwenye mzigo wa chini hairuhusiwi.

Niandikie siku na saa ya kufika, nitume mtu wa kukupokea jeti ya Manda.

Shangazi yako,
Langoni, Lamu