Jogoo niliyemnunua kwa kodi ya fremu

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji.

Mimi ni mama wa watoto watatu, fundi cherehani hapa Moshi, na naimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika wetu wa Kilutheri. Naomba jina langu lisitoke. Ukifika mwisho wa barua utaona kwamba hata ombi hilo ni sehemu ya ugonjwa wangu wa kutafuta sifa.

Jumapili moja mwezi Januari, baada ya ibada, tulikuwa nje kwenye mnada wa vitu vya sadaka kama kawaida: mikungu ya ndizi, mayai, debe la mahindi, na jogoo mmoja mwekundu. Jogoo wa namna ile sokoni ni 25,000. Mzee anayenadi akamfikisha 30,000, mama mmoja tunayeimba naye akataja 40,000, watu wakanigeukia. Au niliona tu kama wamenigeukia, sina hakika tena. Nikasema 60,000. Mzee akauliza, "Haya, jogoo aende wapi, mama?" Nikajibu kwa sauti, "Kwa mama mchungaji!" Vigelegele vikapigwa. Kutoka pale hadi getini nilitembea kama bibi harusi. Usiku ndipo nikakumbuka kwamba ile 60,000 ilikuwa sehemu ya kodi ya fremu ninamoshonea.

Wiki hiyohiyo kwenye kamati ya harusi niliahidi 150,000, kwa sababu aliyesimama kabla yangu aliahidi 100,000. Sikuwa na hata ishirini. Nikakopa 400,000 kwenye kikoba, nikalipa ahadi, nikalipa kodi, iliyobaki ikaenda kwenye ada. Sasa narejesha na riba, na mume wangu hajui. Yeye anadhani ofisi inakwenda vizuri, maana kila anakopita watu wanamsifia mkewe. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nikisifiwa huongeza tembo, tena la kukopa.

Nimejiuliza haya yametoka wapi. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka saba, nikalelewa kwa mama mdogo. Sitamsema vibaya, alinisomesha hadi darasa la saba na cherehani ya kwanza alininunulia yeye. Lakini mtoto wa kulelewa hujifunza mapema kusoma uso wa mwenye nyumba. Nilijua kwa namna alivyoweka sufuria kama leo niko salama au la. Niliamka kabla ya watoto wake, nikafagia uwanja, nikachota maji, na wageni walipokuja alisema, "Huyu binti ni mkono wangu wa kulia." Siku ya kusikia neno lile nililala vizuri. Nina miaka 39 na bado nalitafuta neno lile kwa kila mtu, hata kwa wateja wasionilipa.

Nilipopata kipaimara nilifundishwa kwamba tunahesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo. Niliulizwa mbele ya usharika mzima nikajibu bila kukosea. Unajua nilichofurahia siku ile? Makofi. Jibu lenyewe lilipita mdomoni halikushuka.

Mwaka jana, ilipokuwa zamu yangu kuongoza neno kwenye jumuiya, nilifundisha Wagalatia 1:10, pale Paulo anaposema kwamba kama angekuwa bado anawapendeza wanadamu, asingekuwa mtumwa wa Kristo. Nilipokuwa nasoma nilikuwa nachungulia nani anatikisa kichwa. Baba mmoja alikuwa anasinzia, na mpaka leo nikimwona njiani nakumbuka kwamba somo langu halikumgusa.

Usifikiri sijajaribu. Mwinjilisti mmoja aliniambia nifunge na kuomba. Nilifunga siku tatu, na siku ya pili nikaacha kupaka mafuta midomoni ili wenzangu waone imekauka. Bwana Yesu alilikataza jambo hilohilo katika Mathayo 6, akasema mfungaji apake mafuta na kunawa uso, na Jumatano ya Majivu mwaka huu sura hiyo iliposomwa nilitamani nizame chini ya benchi. Baadaye nikaamua kutoa sadaka kwa bahasha isiyo na jina wala namba. Nilikaa na siri ile siku nne. Siku ya tano nikamwambia rafiki yangu, "Mimi siku hizi natoa bila jina."

Kisa kinachonitisha ni cha Sauli katika 1 Samweli 15. Anakiri kwamba ametenda dhambi kwa kuwaogopa watu, anaambiwa Mungu amemkataa asiwe mfalme, na bado anamwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee. Ufalme umeondoka, yeye anawaza wazee watamwonaje. Nilipofika hapo nilifunga Biblia.

Sasa nije kwenye linalonikwamisha, maana najua utaniambia nimpendeze Mungu. Paulo huyohuyo wa Wagalatia, katika 1 Wakorintho 10:33, anasema yeye huwapendeza watu wote katika mambo yote, na kwa Warumi anatuambia kila mtu ampendeze jirani yake apate kujengwa. Nimeambiwa tofauti ni kwamba Paulo hakutafuta faida yake mwenyewe. Sawa, lakini nitaijuaje ndani yangu? Mgonjwa akilazwa mimi ndiye wa kwanza kufika na uji. Nampenda kweli, na pia nataka niwe wa kwanza. Viwili hivyo vinakaa kwenye chupa moja ya chai. Nikiacha kwenda ili nijiponye, mgonjwa atakunywa nini?

Na jambo lenyewe halingoji. Kwaya inataka sare 32 kwa ajili ya Pasaka. Gauni moja huwa nashona kwa 25,000. Mwenyekiti wetu amesema nifanye 10,000, "bei ya kazi ya Bwana". Vitambaa ni vyao, lakini uzi, zipu na bitana ni vyangu, navyo ni 9,000 kwa gauni, na binti anayenisaidia namlipa 3,000. Nimepiga hesabu mara tatu: nitapata hasara ya 64,000. Mwaka jana nilikubali bei kama hiyo, nikasimama mbele wakanishukuru kwa kitenge. Safari hii nimejibu "tutaona", na kwangu mimi neno hilo ni kubwa sana.

Mchungaji, nikikataa, nitakuwa namnyima Bwana au namnyima mwenyekiti? Na huyu baba watoto nimwambie lini habari za kikoba, kabla ya kuongea na kwaya au baada? Nimwambie yote, hata jogoo? Maana mume wangu alisikia jogoo yule akisifiwa, akanishika mkono mbele za watu, na hajawahi kufanya hivyo tangu tufunge ndoa.

Wanakwaya wanakuja kupimwa Jumamosi. Ukiweza kunijibu kabla ya hapo nitashukuru.

Wako katika Kristo,
Fundi, Moshi