Maksi za projekti zisitolewe kabla sistimu haijatumika

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na vyuo vikuu vya hapa Nairobi, hasa walimu wa kompyuta, kuhusu hizi projekti ambazo wanafunzi wanatumwa kwa vikundi wakatafute chama, kanisa, shule ama zahanati wawatengenezee sistimu ya kutumia kwa intaneti. Mimi ni katibu wa chama huku Kayole, tunaweka akiba na kukopeshana, na hao wanafunzi wametujia zaidi ya mara moja. Ni vijana wenye akili na heshima, hilo siwezi kuwanyima. Shida ni vile kazi yao inaisha siku ya presentesheni.

Inakuwanga hivi. Mwanzo wa semista wanakuja na barua ya chuo, wanatuuliza maswali kidogo, wanapotea, halafu wiki za mwisho ndio simu zinaanza kupigwa usiku wakitaka majina ya wanachama haraka haraka. Siku ya presentesheni sistimu inang'aa, kuna grafu za kila rangi, ukibonyeza pa kulipa simu inaitisha PIN ya M-PESA, mwalimu anafurahi na maksi zinatoka. Kumbe hapo wametumia ile sehemu ya majaribio ya Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha sistimu na M-PESA, nambari inayolipwa si ya chama, na ili iende laivu lazima chama kiwe na paybill ama till yake na maombi yapitishwe, kitu kinachotaka makaratasi na mtu wa kufuatilia, na semista ndiyo hiyo imeisha. Sistimu yenyewe iko kwa laptopu ya mmoja wao. Ama wameiweka kwa seva ya bure, ama jina la tovuti limelipiwa mwaka mmoja na ukiisha hakuna anayejua paswadi ni gani wala nani alipe. Ukimtafuta kiongozi wa kikundi unaambiwa yuko atachimenti Mombasa.

Na hata hiyo ya seva ingetatulika. Kubwa zaidi ni kwamba wengi hawakai na sisi waone vile tunafanya kazi. Mchango wetu ni shilingi 500 kwa mwezi, lakini mwezi biashara ikiwa mbaya mama analeta 300 na hizo 200 zinakuja mkutano unaofuata, mweka hazina anaandika kwa kaunta buku na kalamu nyekundu na kila mtu anaelewa. Sistimu moja tuliyoletewa ilikataa kitu chochote chini ya 500. Tena ilitaka kila mwanachama awe na barua pepe, na sisi tuna wamama wenye simu za kabambe, kwa hivyo vijana wakajaza barua pepe za uongo ndio fomu ikubali!

Kikundi kingine kilikuwa na msichana mmoja aliyekuja mkutanoni akakaa kando ya mweka hazina mchana wote, laptopu imefungwa, anauliza hii nyekundu ni ya nini, hii iliyokatwa ni nini, mbona huyu amelipiwa na jirani yake. Walichotengeneza hakikuwa kizuri kwa macho, kurasa chache tu, lakini deni la nusu lilikuwa na mahali pake na mwanachama alitumiwa salio lake kwa SMS. Tuliitumia kweli, watu wakaacha kubishana mwisho wa mwaka. Halafu siku moja ikazima. Waliokuwa wakiishughulikia walishamaliza chuo, na kikundi kilichofuata kutoka chuo hicho hicho, tulipowaomba wafufue ile, wakatuambia hairuhusiwi, kila kikundi lazima kilete wazo lake jipya.

Hiyo sheria ndiyo naomba vyuo viiangalie tena. Angalia Ushahidi, ile tovuti ya hapa Kenya iliyoanzishwa Januari 2008 kukusanya ripoti za ghasia za baada ya uchaguzi, ilitengenezwa kwa haraka sana, na haikuishia hapo, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uliachwa wazi na watu wengine wakaendelea kuurekebisha hadi ikatumika nchi nyingi mbali na Kenya. Kurekebisha kazi ya mwenzako ni kazi ngumu na ya maana, na hata kazini hao vijana wataajiriwa kushika sistimu walizozikuta. Kwa nini hiyo haipewi maksi?

Kuna pia mambo ya siri za watu. Tulipeana majina, nambari za simu na nambari za vitambulisho ili sistimu ijaribiwe. Saa hizi hizo rekodi ziko kwa laptopu za nani? Tangu 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data, na huwezi kusema eti hii ilikuwa projekti ya shule tu kwa hivyo haikuhusu. Wanafunzi wafundishwe kujaribu na majina ya kubuni, na wakimaliza wafute kila kitu mbele ya katibu.

Naomba basi maksi zisitolewe zote siku ya presentesheni. Sehemu yake ibaki hadi sistimu itumike kwa mikutano miwili mitatu, na msimamizi apigie katibu simu mwenyewe amuulize kama paswadi ziko mikononi mwa chama, kama kuna mtu amefundishwa kuitumia sistimu, na kama kopi ya rekodi imewekwa mahali pengine. Kikundi cha mwaka unaofuata kiruhusiwe kuanzia hapo. Chama chetu kiko tayari kupokea kikundi cha aina hiyo hata semista ijayo, na ile sistimu ya SMS iliyozima tungependa iwe ya kwanza kushughulikiwa.

Katibu wa chama,
Kayole, Nairobi