Kuchemsha hakuondoi floraidi

Ndugu Mhariri,

Kila kipindupindu kinapozuka, wafugaji wa Kimasai na Kibarbaig huhimizwa kuchemsha maji na kutia klorini. Kwa vijidudu, sawa kabisa. Ila katika ukanda wa volkano wa Arusha na Manyara, hadi kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, maji mengi ya ardhini yana madini ya floraidi kupita kiasi, na kuchemsha huyazidisha: maji hupungua sufuriani, floraidi hubaki yote. Magadi ya kulainishia maharage nayo huongeza.

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno yanayoumbika kabla ya miaka minane huota na madoa ya kahawia, na madoa hayo hayatoki. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hupinda na viungo hukakamaa.

Njia ya kuiondoa iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti wa floraidi cha Ngurdoto, Arusha, ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa kwa hewa kidogo, nyuzi 400 hadi 500 hivi za Selsiasi, kisha husagwa chembe za milimita 0.5 hadi 3 na kutiwa kwenye chujio, hunasa floraidi maji yanapopita. Mkaa uliobaki rangi ya kahawia haujaiva, na maji yatanuka. Ulioungua ukawa mweupe umepoteza nguvu. Kinachoangusha miradi mingi ni kwamba mkaa ukichoka hauonyeshi dalili: maji bado ni meupe na matamu, kumbe floraidi inapita yote. Chujio lisilopimwa kila mwezi linawadanganya wenyewe. Mifupa nayo itoke bucha linalojulikana na watu waambiwe mapema, maana wapo watakaoyakataa maji kwa sababu ya imani.

Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Nyumba ya udongo ya Kimasai haina bati, lakini shule inalo. Paa la mita za mraba 200, kwa mvua ya milimita 500, hukusanya lita 80,000 hata ukitoa moja ya tano inayopotea. Mvua ya kwanza imwagwe, iondoe vumbi na kinyesi cha ndege. Yaliyobaki yawe ya watoto wadogo na ya kupikia uji. Mifugo na kufua vitumie kisima.

Tunaomba wakandarasi wasilipwe malipo ya mwisho kabla floraidi ya kisima haijapimwa, na namba hiyo iandikwe kwa rangi palepale bombani, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji.