Makato ya mwajiri yasibebeshwe kijana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wanaoanza kazi, na zaidi na wale wanaowaajiri.

Kazi yangu ni kuandaa mishahara ya kiwanda hapa Temeke, kwa hiyo ndugu na majirani wakiajiriwa huniletea karatasi zao za mshahara niwasomee. Mwezi uliopita alikuja binti wa dada yangu, anayeuza kwenye duka moja mjini. Mkataba wake unasema 400,000, lakini mkononi alipata 336,800. Aliamini zote 63,200 zimeliwa.

Tukakaa na kalamu. NSSF, yaani mchango wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, 40,000 ni halali: ni asilimia 10 ya mshahara wake, na mwajiri anatakiwa kuongeza 40,000 nyingine. PAYE, yaani kodi ya mshahara, 7,200 nayo iko sawa, maana kodi haikatwi kwenye 400,000 yote. Unatoa kwanza NSSF, zinabaki 360,000. Humo, 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu, na zile 90,000 za juu yake ndizo zinazokatwa asilimia 8.

Mistari miwili ya chini ndiyo iliyonichoma: WCF 2,000 na SDL 14,000. WCF ni mfuko wa fidia kwa anayeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. SDL ni tozo ya kuendeleza ujuzi. Zote mbili ni mzigo wa mwajiri, zitoke mfukoni mwake, wala hazina nafasi kwenye makato ya mfanyakazi. Huyu binti anakatwa 16,000 kila mwezi kulipia deni la tajiri wake. Kwake hiyo ni nauli ya daladala ya karibu wiki mbili.

Alipouliza dukani, aliambiwa "ni mambo ya serikali". Jibu hilo linaniudhi kuliko hata makato yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe maelezo ya maandishi pamoja na malipo, na kama mfanyakazi haelewi masharti ya ajira yake, aelezwe kwa namna anayoielewa.

Kuhusu kima cha chini, vijana wengi wanadhani ni kimoja kwa nchi nzima. Sivyo, kila sekta ina chake. Amri iliyoanza Januari 1, 2023 iliweka 150,000 kwa biashara na viwanda, huku taasisi za fedha zikipangiwa 592,000. Viwango vikapanda tena kwa amri iliyoanza Januari 1, 2026, hivyo ukionyeshwa karatasi ya zamani, ikatae. Na kiwango hicho ni kabla ya makato. Anayelipwa chini ya 270,000 kwa mwezi hana PAYE kabisa. Akiona kodi kwenye karatasi yake, aulize siku hiyo hiyo.

Kuna na wanaoambiwa kwamba kipindi cha majaribio hakina NSSF. Si kweli. Wengine wanakatwa vizuri kabisa lakini fedha haifiki kwenye Mfuko, na watakuja kujua siku wanapodai mafao. Kijana, nenda ofisi ya NSSF ukaulize michango yako mapema, hata kama una miezi michache tu kazini.

Maafisa kazi nao nawaomba jambo moja. Mkifika kwenye maduka, mahoteli na maghala, msiishie kwa meneja na faili lake. Ombeni karatasi ya mshahara ya mfanyakazi aliyeajiriwa karibuni, msome mistari yake mmoja mmoja. Mkikuta WCF au SDL kwenye makato, mwajiri arudishe fedha zote tangu mwezi wa kwanza aliokata.

Karani wa mishahara,
Temeke, Dar es Salaam