Risala ya kikundi cha walezi wa wazee wenye ugonjwa wa kusahau kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazee Duniani, 1 Oktoba, Wilaya ya Hai

Ndugu Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa kata na vijiji,
Viongozi wetu wa dini,
Wazee wetu, wenye siku hii,
Mabibi na mabwana,

Wazee wetu, shikamooni. Ninyi wengine tunawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Tunakushukuru kwa dhati, Ndugu Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako na kuja kukaa nasi. Kikundi chetu ni cha mabinti, wakwe, wajukuu na wenzi wa ndoa ambao kila siku, usiku ukiwemo, tunawahudumia wazee waliopatwa na demensia. Tumekuja kusema jambo moja: mzee huyu bado yupo, na huduma yake huanza pale tunapomjua yeye mwenyewe, alivyoishi na alichokipenda.

Tunaanza na jina la ugonjwa, kwa kuwa jina ndilo lililotuchelewesha wengi wetu. Huku kwetu husemwa "ni uzee", au "amerudia utoto", na pengine hunong'onwa neno baya zaidi, kwamba kuna mkono wa mtu. Hata hili tunalolitumia sisi, ugonjwa wa kusahau, halitoshelezi. Demensia hutokana na magonjwa yanayoharibu seli za ubongo, na ulio mkubwa kati ya hayo ni ugonjwa wa Alzheimer, unaochangia takribani asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote duniani. Mwingine hutokana na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, mara nyingi baada ya shinikizo la damu la miaka mingi au kiharusi. Mgonjwa husahau, ndiyo, lakini pia hupoteza mpangilio wa kazi aliyoifanya maisha yake yote, hukosa neno analolitafuta, hupotea njia ya kwenda kwake mwenyewe, na wakati mwingine hubadilika tabia hata watoto wake wakamwogopa. Uzee peke yake hauleti haya.

Wilaya yetu ina ushahidi wake. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Hai, ukawafikia watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya watu wa rika hilo wana demensia. Kwa hiyo katika mkusanyiko wa wazee mia moja wa umri huo, tutarajie sita hivi, na kila mmoja wao ana nyumba inayohangaika naye.

Lazima pia tuseme kwamba si kila mzee anayechanganyikiwa ana ugonjwa huu. Maambukizi ya njia ya mkojo, dawa zisizopatana, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo na sonona vyote vinaweza kumvuruga mzee akaonekana hivyo hivyo, na vinatibika. Bibi mmoja wa kikundi chetu alibadilika ndani ya siku mbili tu. Familia ilikwisha kukata tamaa, kumbe alikuwa na maambukizi, akatibiwa, akarudi kuwauliza wajukuu wake habari za shule. Ndiyo maana tunawasihi wenzetu wampeleke mzee akapimwe kabla ya kumhukumu.

Ndugu Mgeni Rasmi, turuhusu tukusimulie habari ya mama mmoja, kwa idhini ya binti yake na bila kumtaja jina. Kila ilipofika saa kumi jioni mama huyu alianza kuhangaika, akivuta mlango, akilia, akimpiga anayemzuia. Nyumbani walimwona mkorofi, wakaweka kufuli getini. Siku moja, katika kikao chetu, mwenzetu alimuuliza binti: "Enzi zake, saa kumi mama alikuwa akifanya nini?" Binti alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba saa hiyo mama alikuwa akiingia nyumbani na mzigo wa majani ya ng'ombe aliyoyakata tambarare, na kwamba alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka arobaini. Ng'ombe mwenyewe hayupo siku nyingi, na zizi limekuwa stoo ya mkaa. Kesho yake binti alimwekea kigoda uani na fungu la majani mabichi. Mama alikaa, akayapangua, akayanusa, akatoa yaliyonyauka, kisha akayafunga upya kwa kamba ya mgomba. Na mikono ile ile ambayo asubuhi haikujua kijiko kinashikwaje haikukosea fundo. Sasa kila jioni hupeleka fungu lake kwa ng'ombe wa jirani, mjukuu akiwa pembeni yake. Kufuli limeondolewa.

Hilo ndilo tunaloliita huduma inayomjali mtu. Mwanazuoni Tom Kitwood, wa Chuo Kikuu cha Bradford nchini Uingereza, alieleza katika miaka ya 1990 kwamba madhara anayoyapata mgonjwa hayatoki katika ubongo peke yake. Mengine yanatoka kwetu, tunapomharakisha, tunapomdanganya, tunapomtisha, tunapomfanya mtoto na tunapozungumza juu yake kana kwamba hayupo. Tuliposomewa maneno hayo kikaoni wengi wetu tuliinamisha vichwa, kwa sababu tulikuwa tumeyatenda yote, tena kwa mapenzi mema. Tulikuwa tukimwambia bibi anayemtafuta mumewe kwamba mumewe alikwisha kufariki, naye akapokea msiba upya, siku baada ya siku. Sasa tunamuomba atusimulie habari za babu, na machozi huisha katikati ya masimulizi. Vilevile tumejifunza kwamba mzee akirudi kwenye lugha yake ya kwanza akaacha Kiswahili, hatupaswi kumsahihisha. Ni wajukuu wetu wanaopaswa kujifunza walau maneno machache ya Kimachame.

Hapa Hai imewahi kujaribiwa pia tiba ya kuchangamsha akili kwa vikundi, iliyoanzia Uingereza na kurekebishwa ifae mazingira yetu, ambayo kwa kawaida huwa na vikao 14 katika wiki saba. Sisi tunaifuata kwa kadiri ya uwezo wetu, kwa nyimbo, kuchambua maharage na kuzungumza habari za zamani.

Kuhusu walezi hatutasema mengi, ingawa tungeweza. Duniani kote wanawake ndio wanaobeba takribani asilimia 70 ya saa za ulezi wa wagonjwa hawa, na katika kikundi chetu wamo walioacha biashara, na wamo ambao hawajalala usiku mzima kwa miaka mitatu.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuna maombi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inatambua haki ya mzee ya kupata matibabu, na dirisha la wazee tunalishukuru. Lakini mwenzetu mmoja alikaa na baba yake kituoni tangu asubuhi hadi saa nane mchana, mzee akavua nguo mbele za watu kwa kuchoka, na tangu siku hiyo hajakubali kutoka nyumbani. Tunaomba mzee mwenye demensia aonwe mara anapofika. Tunaomba wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kuutambua ugonjwa huu wanapopita nyumba kwa nyumba. Na tunaomba chumba, hata darasa lisilotumika, mara mbili kwa wiki, ili wazee wapate kikao chao na walezi wapumzike kwa saa mbili.

Baada ya risala hii tunakukaribisha ukae na wazee wetu. Yule mama wa majani ameketi karibu na nguzo ya pili, amevaa kitenge cha kijani. Tunakuomba umpe shikamoo ukiwa umeinama, macho yenu yakutane, na usimuulize kama anakukumbuka. Muulize habari za ng'ombe.

Tunaomba kuwasilisha.