Kabla ya darasa la Jumamosi: namba za kuganda kwa damu

Asalaam aleikum wanakikundi. Nyinyi mnaoandaa bili za matibabu za Marekani kwa namba za CPT (orodha yao ya namba za huduma za tiba), tafadhalini tuelewane: 85240 ni kipimo cha utendaji wa fakta ya nane (protini ya kugandisha damu). 85246 siyo hiyo! Inapima wingi wa protini ya von Willebrand (nyingine ya kugandisha damu), na 85245 inapima protini hiyo inavyofanya kazi kwa ristosetini (kemikali ya maabara). Zote tatu kwenye CPT zimeanza na jina la fakta ya nane, ndipo tunapoteleza (hata mimi nilirudishiwa bili juzi, aibu tupu). Someni ombi la daktari mpaka mwisho. Fibrinojeni (nayo ni protini ya kugandisha damu) haina maneno: 85384 utendaji, 85385 antijeni (yaani wingi wake). Tukutane Tudor saa nne asubuhi. Wa Likoni, feri mnaijua, tokeni mapema. Laptopu zije na chaji.