Barua ya wazi: Mheshimiwa, tuachie piloti wetu

Kwa Mheshimiwa unayesimamia safari za ndege,

Pokea salamu kutoka Katuba, Lubumbashi. Naandika kwa tochi ya simu kwa sababu umeme umekatika tangu jana jioni, kwa hiyo nikiruka herufi usinilaumu.

Jumamosi nilikusikia redioni. Ulisema siku si nyingi akili mnemba itaendesha ndege zetu, na makosa ya binadamu yatakwisha. Nilikuwa nasonga bukari. Mwiko ulinisimama mkononi.

Siku nne kabla ya hapo kaka yangu mkubwa alikuwa amefariki Kinshasa. Wewe wajua barabara ya kwenda huko ilivyo, au labda hujui, maana hupiti. Familia nzima tulichanga, ikapatikana tiketi moja, yangu. Mvua ikafunga mbingu. Tulikaa juu ya mizigo, mimi juu ya valizi yangu nyekundu, masaa na masaa, hakuna wa kutuambia neno, mpaka piloti mwenyewe akaja, shati limelowa mabegani. Akasema kwa Kiswahili chetu: “Bamama na bapapa, sitaruka. Miye pia niko na batoto.” Kuna waliomtukana. Nami nilimtukana, nakiri. Kaka alizikwa asubuhi bila mimi, na pesa ya tiketi sijaiona mpaka leo. Pengine kampuni inangoja akili mnemba ije kuihesabu.

Usiku ule radi ilipasua mwembe wa jirani. Nikawaza: mashini ingekuwa na watoto gani wa kuwarudia?

Usidhani sisi ni washamba, Mheshimiwa. Kijana wangu hunisomea mambo kwenye simu. Najua huko Ulaya mtambo ulishusha ndege ya abiria hadi ardhini tangu 1965. Najua mwaka 2020, Toulouse, Airbus walijaribu ndege ya kupaa na kutua kwa macho ya kamera. Siku moja itawezekana, sibishi, wajukuu watazipanda. Lakini hata kwenye majaribio yale marubani walikuwa ndani, wamekaa kwenye viti vyao. Na zile Boeing 737 MAX je? Programu iliamini kipimo kimoja kilichodanganya, ikawa inasukuma pua ya ndege chini huku marubani wanavuta juu. Indonesia 2018, Ethiopia 2019. Watu 346.

Gopasi, ile ada ya abiria wa ndege, tunalipa tangu 2009, tukiambiwa ni ya kutengeneza viwanja vya ndege. Sasa kutakuwa na gopasi ya roboti? Sijui nani alikunong'oneza jambo hili. Nahisi ni wauzaji wa mashini, au wenye makampuni waliochoka kulipa mishahara ya watu wanaojua kusema hapana.

Naomba basi uamuru turudishiwe pesa ndege isiporuka. Naomba wanaopima hali ya hewa walipwe vizuri. Naomba... hapana, nipunguze, nawe una kazi nyingi. Ombi ni moja. Tuachie piloti. Tuachie mtu anayekaa mbele yetu, ambaye ndege ikianguka naye anaanguka.

Na ukikutana na yule wa shati lililolowa, mwambie mama wa valizi nyekundu anamwomba radhi.

Mimi,
mama muuza makala (mkaa), Katuba